Kuitambua chupa ya manukato kwenye filamu

Chupa huonekana kwa sekunde moja au mbili tu, kwa hiyo simamisha filamu uisogeze picha moja moja: kwenye VLC (programu ya kuchezea video) bonyeza herufi E, kwenye YouTube ya kompyuta bonyeza nukta (mkato hurudisha nyuma). Lebo mara nyingi imegeuzwa ukutani au kubanduliwa makusudi, basi kagua kizibo na mabega ya chupa. Rangi ya manukato yenyewe usiiamini hata kidogo; filamu hurekebishwa rangi baada ya kupigwa, na ya njano huweza kugeuka kahawia. Chupa ikionekana ndani ya kioo cha bafuni, piga picha ya skrini, igeuze kushoto-kulia, ikate ibaki chupa peke yake, ndipo uipeleke Google Lens, huduma ya kutafuta kwa picha.

Jina likitajwa kwa mdomo, hakiki tahajia yake herufi kwa herufi, kisha linganisha mwaka wa filamu na wa manukato. Scent of a Woman (1992) inataja Fleurs de Rocaille, manukato ya kampuni ya Caron ya mwaka 1934. Fleur de Rocaille isiyo na “s” ilitoka 1993, filamu imeshaonyeshwa, na harufu yake ni nyingine kabisa.