Kupunguza uzito wa gari la mashindano: tuige Honda NSX-R

Mwaka 1992 Honda ilitoa NSX-R, toleo jepesi la gari lake la michezo NSX, iliyouzwa Japani pekee. Hadi 1995 yalikuwa yametengenezwa magari 483 tu. Bodi ya NSX ilikuwa alumini tayari, lakini mafundi wakatoa kilo 120 hivi zaidi, likabaki na kilo 1,230. Kwa kanuni yetu ya Kenya kwamba gari linaloagizwa lisizidi umri wa miaka 8, gari hilo halipiti bandari ya Kilindini kirahisi. Mbinu zake, hata hivyo, zinafaa Toyota Starlet kuukuu ya autokrosi, yaani mbio fupi za kushindana na saa.

Hatua ya 1. Pima gari kwenye mizani, tangi likiwa karibu tupu. Andika.

Hatua ya 2. Toa taya ya spea, jeki, mazulia, redio na spika. Honda nayo ilitoa vitu vya namna hii.

Hatua ya 3. Sasa lami ya kuzuia kelele, iliyobandikwa sakafuni. Hapa Mombasa ina shida yake: msimu wa kaskazi lami hulainika ikanata kwenye tindo kama ubani uliotafunwa. Fanya kazi alfajiri, gari likiwa kivulini. Weka mifuko ya barafu juu ya lami mpaka igande, kisha igonge polepole, itavunjika vipande. Ukipata barafu kavu (kabonidioksidi iliyogandishwa) ni bora zaidi, ila vaa glavu nene na ufungue milango yote, maana gesi yake hukaba pumzi.

Bati likishakuwa wazi, usilale nalo hivyo. Upepo wa bahari una chumvi, na kutu haisubiri. Piga msasa, futa mafuta, paka praima siku hiyohiyo, halafu rangi. Usipoweza kumaliza sakafu yote, fanya upande mmoja kwanza.

Hatua ya 4. Viti. NSX-R ilifungwa viti vyepesi vya Recaro. Kabla ya kugusa nyaya chini ya kiti, chomoa betri na usubiri dakika kadhaa. Huenda kuna mfuko wa hewa wa usalama (airbag), usije ukafyatuka.

Hatua ya 5. Rimu nyepesi. Kwangu hizi zina faida kuliko kilo zilezile zikitolewa ndani ya gari, kwa sababu rimu huzunguka na hazibebwi na springi.

Eyakondishini? Honda waliitoa. Kama gari unaliendesha pia mjini mwezi wa Februari, iache. Ukiamua kuitoa, gesi ivutwe na fundi mwenye mashine, isiachiliwe hewani.

Vyuma vya ndani ya milango usiviguse. Ndivyo vitakavyokukinga ukigongwa ubavuni.

Hatua ya 6. Rudi kwenye mizani, kisha kapange upya pembe za magurudumu. Gari likipungua uzito springi huinuka na pembe hubadilika. Wengi huruka hapa, halafu wanalaumu taya.