Kasha la VeraCrypt likichelewa kufunguka: jua kwanza unasubiri nini

Ofisi nyingi ndogo za Nairobi, za mawakili, za kliniki na za mashirika ya kijamii, zinatumia laptopu za "ex-UK", mitumba kutoka Uingereza, zilizonunuliwa Luthuli Avenue au Moi Avenue. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inataja usimbaji (encryption) kati ya hatua za kulinda taarifa za watu, mafaili ya wateja na wagonjwa yamekuwa yakihamishiwa ndani ya makasha yaliyosimbwa ya programu ya VeraCrypt: kila kasha ni kama diski inayofunguka kwa nywila tu. Lalamiko linalofuata ni lile lile: ukishaandika nywila, unakaa nusu dakika au zaidi kabla ya kuona chochote. Ucheleweshaji huu una hatari yake. Mfanyakazi aliyechoka kusubiri huliacha kasha wazi kutwa nzima, au hunakili mafaili hadi kwenye eneo-kazi "kwa muda tu", na usimbaji wote unakuwa bure.

Shika simu, fungua saa ya kupimia, na ufungue meneja wa kazi wa Windows kwa Ctrl+Shift+Esc ukiangalia ukurasa wa prosesa. Kisha ufungue kasha kama kawaida. Kusubiri kuko kwa aina tatu. Programu ikichelewa kujitokeza hata kabla ya kukuomba nywila, tatizo liko kwa antivairasi au kwa makasha yaliyopangwa kufunguka yenyewe. Ukishabonyeza OK prosesa ikapanda sana, diski ikiwa imetulia, kinachokula muda ni utengenezaji wa ufunguo. Na kama herufi ya diski imeshatokea lakini folda zinajivuta, tatizo ni diski yenyewe au mfumo wa mafaili. Andika sekunde za kila hatua kabla ya kugusa mpangilio wowote, la sivyo hutajua dawa ipi imefanya kazi.

Utengenezaji wa ufunguo

Hapa ndipo muda mwingi huishia, na umewekwa makusudi. VeraCrypt haiitumii nywila yako moja kwa moja. Huisaga kwa PBKDF2, hesabu ya kurudiarudia, mizunguko 500,000 kwa kasha la kawaida la SHA-512 (aina ya heshi, yaani kanuni ya kusaga), ili mwizi anayebahatisha nywila alipie mizunguko hiyo hiyo kwa kila jaribio. TrueCrypt, programu ambayo VeraCrypt ilitokana nayo mwaka 2013, ilitumia mizunguko 1,000 au 2,000. Ndiyo maana wazee wa TrueCrypt huona hii mpya kama gari bovu.

Kichwa cha kasha, sehemu ndogo inayobeba ufunguo wa data, hakisemi kilitengenezwa kwa heshi gani, kwa hiyo programu hujaribu zote: SHA-512, SHA-256, Whirlpool, Streebog na nyinginezo. Hujaribu pia kichwa cha pili, kile cha kasha la siri linaloweza kufichwa ndani ya jingine, ambacho kina chumvi yake tofauti (data ya nasibu inayochanganywa na nywila) na hivyo kinadai kazi nzima upya. Kwenye Windows, prosesa yenye viini (cores) vingi hugawanya kazi hizi. Yenye viini viwili huzipanga foleni.

Dawa ya kwanza basi ni ya bure na haipunguzi usalama hata chembe. Kasha likiwa wazi, bonyeza "Volume Properties" usome mstari wa PKCS-5 PRF. Safari ijayo, kwenye dirisha la nywila, chagua heshi hiyo hiyo badala ya "Autodetection". Kama makasha yako yote yanatumia heshi moja, iweke moja kwa moja kupitia "Settings", kisha "Default Mount Parameters". Pima tena. Kwenye mashine ya viini viwili tofauti huonekana wazi.

Sasa angalia PIM. Namba hii ndiyo inayoamua mizunguko: kwa kasha la kawaida ni 15,000 jumlisha PIM mara 1,000. Ukiacha kisanduku kitupu, SHA-512 huhesabiwa kama PIM 485, ndiyo ile 500,000. Shida kubwa hutokea mtu anapodhani PIM ni PIN, kama ya M-Pesa, na kuandika tarakimu nne anazozikumbuka. Aliyeandika mwaka wake wa kuzaliwa, 1987, amejipa mizunguko 2,002,000, yaani mara nne ya kawaida. Aliyeandika 7412 amejipa karibu mara 15. Kasha likichukua dakika nzima au zaidi kwenye mashine isiyo mbovu, uliza kwanza kama kuna "PIN" iliyowekwa siku ya kulitengeneza.

Je, unaweza kushusha PIM chini ya 485? Unaweza, mradi nywila iwe na herufi 20 au zaidi. Ikiwa fupi, programu inakataa. Hesabu yake ni hii. PIM 100 ni mizunguko 115,000, kazi iliyopungua zaidi ya mara nne. Kwa mwizi, unafuu huo ni kama biti 2 (kila biti moja huzidisha kazi yake mara mbili). Neno moja lililochaguliwa kwa dadu kutoka orodha ya maneno 7,776 linaongeza karibu biti 13. Kwa hiyo nywila ya maneno sita ya dadu yenye PIM 100 ni imara kuliko ya maneno matano yenye PIM 485, tena inafunguka haraka. Tunaona hii ndiyo njia bora kwa mashine za zamani. Lakini kushusha PIM huku nywila ni jina la mtoto na mwaka, hata ukiirefusha kwa kuirudia hadi ifike herufi 20, ni kumfungulia mwizi mlango.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Funga kasha, kisha nakili kichwa chake: "Tools", kisha "Backup Volume Header". Kiweke kwenye flashi nyingine.
2. Nenda "Volumes", kisha "Change Volume Password".
3. Weka nywila ya sasa, na PIM ya sasa kama ipo.
4. Weka nywila mpya, tia alama "Use PIM", andika 100. Heshi iache SHA-512.
5. Bonyeza OK, fungua kasha kwa nywila mpya, pima muda.
6. Likifunguka sawasawa, lifunge, nakili kichwa kipya, kisha uharibu nakala ya zamani, kwa sababu bado inafunguka kwa nywila ya zamani.

Data yenyewe haisimbwi upya. Kinachoandikwa upya ni kichwa tu, kwa hiyo kazi huisha haraka hata kasha likiwa la GB 500. Kuna tahadhari moja: kwenye flashi na SSD, vifaa hivyo vinaweza kubaki na kichwa cha zamani katika sehemu usiyoweza kuifikia. Kama nywila ya zamani ilikuwa dhaifu au imevuja, tengeneza kasha jipya kabisa na uhamishe mafaili. Na PIM haihifadhiwi ndani ya kasha. Kila mwenye ruhusa ya kulifungua lazima aijue kama anavyoijua nywila.

Ikichelewa kisha ikikataa

Nywila isiyo sahihi huchukua muda mrefu kuliko iliyo sahihi, kwa kuwa programu haikati tamaa hadi imalize heshi zote na vichwa vyote. Ukiona umesubiri sana halafu umekataliwa, acha kulaumu mashine, tazama kibodi. Laptopu za ex-UK zina kibodi ya Uingereza: alama @ iko karibu na Enter, na alama za kunukuu ziko juu ya 2. Kwenye mpangilio wa Marekani hizo mbili zimebadilishana nafasi. Kasha lililotengenezwa kwenye laptopu moja likifunguliwa kwenye nyingine iliyopangwa tofauti, vidole vinabonyeza pale pale lakini herufi zinazotoka ni nyingine. Tia alama "Display password" uone unachoandika, ukiwa mahali pasipo macho ya watu. Kwa nywila mpya tumia herufi na nafasi tu. Urefu utakusaidia kuliko alama.

Kisa kingine: toleo la 1.26 liliondoa heshi ya RIPEMD-160. Kasha la zamani lililoitumia litakataa kana kwamba nywila ni mbaya. Lifungue kwa toleo la 1.25.9, badilisha heshi kupitia "Change Volume Password", ndipo upandishe toleo.

Makasha mengi kwa mpigo

"Auto-Mount Devices" hujaribu nywila yako kwenye kila sehemu ya kila diski iliyochomekwa. Ikiwa pia umewasha uhifadhi wa nywila kwenye kumbukumbu, kila nywila iliyohifadhiwa hujaribiwa kwa zamu. Zidisha nywila tatu kwa heshi tano kwa sehemu sita uone dakika zinakokwenda. Achana nayo. Weka kila kasha kwenye "Favorites", ukiondoa alama ya kufunguka wakati wa kuingia kwa yale usiyoyahitaji kila asubuhi. Windows ikiwa na "Fast Startup", izime. VeraCrypt yenyewe huonya kuwa inaleta matatizo.

Kasha likiwa ndani ya folda ya OneDrive, hakikisha faili limeshashuka lote kwenye diski. Faili lililobaki mtandaoni huanza kupakuliwa unapolifungua, na GB 10 kwa laini ya Mbps 10 ni zaidi ya saa mbili. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya faili, chagua libaki kwenye kifaa daima.

Mashine yenyewe

Mafundi wengi hukimbilia kuuliza kama prosesa ina maagizo ya AES, yanayoharakisha usimbaji. Ni swali zuri kwa kasi ya kunakili mafaili: Core i3-2310M, kwa mfano, haina, ilhali i5-2520M ya kizazi hicho hicho inayo. Lakini kwenye kusaga nywila AES haihusiki, kwa hiyo usibadilishe laptopu kwa sababu hiyo peke yake. Angalia badala yake prosesa inakimbia kwa GHz ngapi wakati kasha linafunguka. Ikibaki chini sana ya kasi iliyoandikwa, kuna kitu kinaishika. Hali ya kuokoa betri ni mojawapo. Chaja ya kununua barabarani ni nyingine: Dell nyingi zisipoitambua chaja hushusha kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri. Ya tatu ni vumbi kwenye feni na pesti ya kupoza prosesa iliyokauka. Mpelekee fundi asafishe na kupaka pesti mpya. Kabla ya kumpelekea na ukimaliza, endesha "Benchmark" ndani ya "Tools", chagua PKCS-5 PRF, ulinganishe.

Kwa upande wa diski, stima ikikatika kasha likiwa wazi, mfumo wa mafaili hubaki na alama ya uchafu, yaani haukufungwa vizuri. Fungua kasha, kisha endesha chkdsk V: /f, ukiweka herufi yako mahali pa V. Flashi ya bei ya kutupa inayodai TB 2 ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiwekea chochote. Flashi za uongo huandika data juu ya data, na kasha huharibika kimyakimya. Kwenye antivairasi, unaweza kuliachilia faili la kasha lenyewe lisikaguliwe, maana ndani yake haioni kitu. Diski iliyofunguka endelea kuikagua.

Wanaotumia Linux

LUKS2, usimbaji wa diski wa Linux, husaga nywila kwa Argon2id, na kazi hiyo hupimwa kwenye mashine iliyotengeneza diski, kwa kawaida ikilenga sekunde 2. Diski iliyotengenezwa kwenye kompyuta yenye nguvu kisha ikachomekwa kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 itachelewa. Isitoshe, diski moja inaweza kuwa na nywila kadhaa, kila moja katika nafasi yake, na nafasi hizo hujaribiwa kwa zamu: nywila yako ikiwa nafasi ya 3, unalipia nyingine kwanza. Jua iko wapi:

sudo cryptsetup open --test-passphrase -v /dev/sda3

Jibu litataja nafasi iliyofunguka. Amri ya luksDump itaonyesha kumbukumbu na gharama ya kila nafasi. Hifadhi kichwa kwa luksHeaderBackup, kisha, ukiwa kwenye mashine ile dhaifu:

sudo cryptsetup luksConvertKey --key-slot 3 --pbkdf argon2id --iter-time 1000 /dev/sda3

Funguo zisizotumika zifute kwa luksKillSlot, baada ya kuhakikisha mara mbili namba ya nafasi. Kama nywila inaombwa na GRUB, programu ya kuwasha Linux, kabla ya menyu, uchelewaji hutokana na GRUB kukokotoa bila msaada wa maagizo ya kisasa ya prosesa. Hapo tumia pbkdf2 na --iter-time 500 kwa nafasi hiyo, pamoja na nywila ndefu.

KeePassXC, programu ya kuhifadhia nywila, hufuata kanuni hiyo hiyo. Hifadhidata iliyopimwa kwenye kompyuta ya ofisi itachelewa kwenye simu ya bei nafuu, basi rekebisha muda wa kufungua kwenye mipangilio ya usalama ya hifadhidata, uhifadhi, kisha uipime kwenye simu iliyo dhaifu kuliko zote zitakazoifungua.