SOMO: Jinsi ya kuuliza maswali ya kupeleleza kwenye gemu za kuigiza mezani

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikera kwenye meza zetu za hizi gemu, zile ambazo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na gemu masta ndo anasimulia stori na kuwajibu. Mchezaji anafika sehemu anasema "naangalia huku na huku, naona nini?" halafu ananyamaza, masta anabaki anaelezea kuta na madirisha na stori imelala.

Hatua ya 1: sema mhusika wako anafanya nini ndo uulize. Tuseme kwenye stori roba la mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, limeibiwa usiku pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na mabondo mnajua yana hela. Usiseme "nachunguza". Sema "nachuchumaa pale roba lilipokuwa, nashika mbao kama bado zimelowa". Hapo masta anajua akujibu kuhusu nini, maji, nyayo, harufu, yote yanatoka kwenye mkono wako.

Hatua ya 2: dadu. Gemu nyingi za hivi zimerithi mfumo wa gemu inaitwa Apocalypse World ya 2010, unarusha dadu mbili za pande sita unajumlisha na namba ya uwezo wa mhusika. Kwenye Dungeon World, mojawapo ya gemu hizo, ukipeleleza ukapata 10 kwenda juu unauliza maswali matatu ya kwenye orodha, 7 mpaka 9 moja tu: nini kimetokea hapa karibuni, nini kinakaribia kutokea, nijihadhari na nini, kipi hapa kitanifaa, nani hasa ameshika usukani hapa, na kipi hapa sicho kinavyoonekana.

Hatua ya 3, hii ndo yenyewe, chagua swali ambalo jibu lake litakunyanyua kwenye kiti. Hapo Mwaloni wengi watauliza nini kimetokea, wataambiwa roba limebebwa, ambalo walishalijua. Uliza nani ameshika usukani. Masta anakwambia ni yule mama wa dagaa mwenye daftari la madeni, wavuvi wote anawadai na hata mlinzi yumo, jina la huyo mlinzi limekatwa kwa kalamu nyekundu jana. Tayari una mtu wa kumfuata na swali la kumbana nalo.

Hatua ya 4: litumie jibu haraka, ukilifanyia kazi unaongezewa 1 kwenye dadu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Igoma: nikipata 6 kushuka masta anidanganye?
Jibu: Mimi nakataa kabisa mkuu. Akupe ukweli mchungu, mfano mlinzi amekuona umechuchumaa na anakuja na rungu. Ukidanganywa mara moja hutauliza tena.

Mdau wa Nyegezi: swali langu halipo kwenye orodha je?
Jibu: Kinachoonekana kwa macho uliza bure, dadu ya nini.

Mdau wa Buzuruga: mi ndo masta, wakiuliza kitu sijakipanga nafanyaje?
Jibu: Dada, mrudishie swali mchezaji mwenyewe, "wewe mhusika wako kakulia Ukerewe, huyu mama mnajuana vipi?" Atakachosema kiandike, ndo ukweli wa gemu kuanzia hapo.