Kabla kijana hajaitwa timu ya taifa: karatasi za kuichezea Kenya

Kocha akipiga simu, mzazi wa Busia au Muhoroni hupewa siku chache tu kuleta pasipoti ya kijana. Basi anza leo, na uanze na jina.

Viweke mezani pamoja cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho (aliye chini ya miaka 18 atumie cha mzazi), kisha usome herufi moja moja. Familia za Kisumu na Siaya zitazame sana ng': cheti kinasema Ong'ondo, shule ikaandika Ong'ando. Kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, pasipoti huiacha ile alama na jina likasomeka ONGONDO. Hilo lisikutishe, ndivyo mashine inavyosoma. Cha kusumbua ni ile a iliyokaa mahali pa o. Bungoma shida huwa nyingine: mtoto aliandikishwa Wekesa kwa kuwa alizaliwa msimu wa mavuno, kufika shule akapewa jina la babu. Jina likibadilika hivyo, tafuta wakili akuandalie hati ya kubadili jina, wala usingoje kambi ifunguliwe.

Asiye na cheti kabisa, ikiwa miezi 6 imepita tangu kuzaliwa, ataomba usajili wa kuchelewa. Anzia kwa naibu wa chifu, ukiwa na kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, na kitambulisho cha mzazi.

Tafadhali msipunguze umri. Tangu 2009 FIFA hupiga picha za MRI (zinazoonyesha ndani ya mwili) za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Mfupa ukiwa umeungana kabisa, ishara kwamba umri umepita, kijana huondolewa hata kama cheti chake kinang'aa.

Aliyezaliwa hospitali ya Tororo, Uganda, je? Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 hakiulizi hospitali ilikuwa wapi. Kinauliza kama baba au mama alikuwa Mkenya siku ile. Beba karatasi ya hospitali hiyo pamoja na kitambulisho cha mzazi aliye Mkenya. Kifungu cha 16 nacho kinamlinda Mkenya wa kuzaliwa asipoteze uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine.

Uraia ni jambo moja, sheria za mchezo ni jingine, na hapa ndipo vijana wengi wanapofungwa. Katika soka, mechi ya kirafiki haikufungi kwa nchi uliyoichezea. Ya mashindano rasmi, hata ya vijana, inakufunga. Unaweza kuomba kuhama mara moja tu, na mara nyingi hutakiwa uwe ulikuwa na uraia wa nchi ya pili tangu mechi hiyo ya kwanza. Ukishacheza fainali za Kombe la Dunia la wakubwa, mlango umefungwa: Divock Origi, ambaye baba yake Mike Okoth aliichezea Kenya, alicheza za 2014 na Ubelgiji. Ombi hupelekwa FIFA na shirikisho la nchi unayohamia, si wakala.

Kwenye riadha, kanuni za 2018 zinadai kungoja miaka 3, na hakuna kuhama kabla ya umri wa miaka 20. Stephen Cherono alihamia Qatar 2003 akiitwa Saif Saaeed Shaheen, akawa bingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji mwaka huo huo, lakini Olimpiki ya Athens 2004 hakukimbia kwa sababu Kenya haikukubali kumfupishia muda.

Raga ni nafuu kidogo: babu au bibi mmoja aliyezaliwa nchini anatosha. Asiye na mzazi wala babu wa hapa huweza kufuzu kwa kukaa miezi 60 mfululizo, kwa hiyo tunza mihuri ya pasipoti na risiti za kodi ya nyumba tangu mwezi wa kwanza.