Jinsi ya kusikiliza benga ya santuri bila kukosa nusu ya utamu

Watu wengi hapa Kisumu wanasema wanajua benga, ule muziki wa magita wa Waluo, juu wamekua wakiisikia kwa matatu na kwa matanga, lakini muulize mtu gita la besi linafanya nini kwa ule wimbo anaopenda, anakuangalia tu.

Kwanza weka simu kando. Spika ya simu inameza besi yote, tafuta spika yenye kifua ama hedifoni nzuri. Na kama wimbo ulitolewa kwa santuri acha ile mikwaruzo ikae, hizo programu za kusafisha sauti zinakula na solo pia, lile gita la sauti ya juu.

Mara ya kwanza fuata besi peke yake, maneno baadaye. Utasikia inarukaruka, ni kama nayo inaimba. Mara ya pili shika solo. Mwimbaji akimaliza mstari gita linamjibu karibu vile vile alivyosema, na hiyo tabia ni ya nyatiti, ile ala ya Waluo ya nyuzi 8, mchezaji anaimba anajijibu mwenyewe huku pete ya chuma kwa kidole cha mguu inagonga mbao. Sikiliza mzee wa nyatiti nusu saa hivi halafu rudi kwa Shirati Jazz, bendi ya benga ya D.O. Misiani, utacheka.

Sasa hapa ndio watu hupotea. Santuri ya 45, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ilibeba dakika chache tu kila upande, so wimbo mmoja ulikatwa sehemu ya 1 na ya 2, na mara nyingi upande wa kwanza ndio hadithi, ukigeuza waimbaji wananyamaza magita yanachukua uwanja. Mimi nilikaa miaka nikidhani kuna wimbo unaisha vibaya, kumbe nilitumiwa nusu! Ukitumiwa upande mmoja dai ule mwingine.

Dholuo, lugha ya Waluo, kama huijui keti na mtu anaijua, hasa kwa Misiani, huyo alipenda kuficha siasa ndani ya hadithi za wanyama. Yale majina yanatajwa katikati ni ya marafiki na watu wanasifiwa, usiyaruke.

Ukimaliza weka Okatch Biggy, mwimbaji wa benga wa miaka ya 90, wakati wa kanda, nafasi ilikuwa tele hakuna kugeuza katikati ya wimbo. Shika saa uone magita yanaachiliwa dakika ya ngapi, halafu linganisha na ile santuri.