Kuitambua Volkswagen Kobe: chesisi kwanza, beji mwisho

Juzi nilikuwa Mikindani kwa mzee mmoja anayeuza Kobe yake (Volkswagen Beetle). Nyuma ina beji ya 1500, yaani injini ya cc 1500, kadi inasema 1968, na mnunuzi keshaanza kuishusha bei kwa madai kwamba "si yenyewe". Nimeandika haya ili asije mwingine akapoteza siku nzima kama sisi.

1. Toa kiti cha nyuma. Betri iko hapo chini, upande wa kulia. Springi za kiti zisiguse nguzo zake, utawasha moto.

2. Tafuta namba ya chesisi. Hapa ndipo tulipokwama. Namba imegongwa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti hichohicho. Upepo wa chumvi wa huku kwetu ukichanganyika na maji ya betri, unakuta nusu imeliwa. Kijana mmoja akakimbilia grenda. Nikamkatalia: grenda inafuta namba, na gari lenye namba iliyofutwa utalielezaje polisi? Chukua mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Loweka, sugua taratibu, pangusa, rudia. Brashi ya waya sitaki hata kuiona. Pakikauka, paka chaki kisha pangusa juujuu kwa kiganja. Unga utabaki ndani ya tarakimu. Mulika tochi kutoka pembeni, usimulike kwa juu.

Sasa hesabu tarakimu kabla ya kuzisoma. Kobe za modeli ya 1965 hadi 1969 zina tarakimu tisa. Kuanzia 1970 ni kumi. Mbili za kwanza ni aina ya bodi, 11 ikiwa Kobe ya kawaida, na ya tatu ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa modeli. Sisi tulisoma 113, tukabishana saa nzima kuhusu 1973. Kumbe tarakimu ni tisa! Tisa haziendi na 1973, kwa hiyo ile 3 ilikuwa 8 iliyoliwa na kutu upande mmoja. 118, yaani 1968. Mwaka wa modeli kiwandani ulianza Agosti, hivyo hata kadi ingesema 1967 isingekuwa imedanganya.

Kibati cha namba cha mbele, nyuma ya tairi la akiba, ni cha kulinganishia tu. Kinang'oleka.

3. Injini. Angalia herufi chini ya kikalio cha jenereta: D ni cc 1200, F ni 1300, H ni 1500. Lakini injini za Kobe hubadilishwa kama viatu, usiapie herufi peke yake.

4. Ni 1303, aina nyingine ya Kobe? Kioo cha mbele kimebinuka na tairi la akiba limelazwa. Cha mzee kimenyooka, tukapita.

5. Mapambo. Mikanda inayong'aa ya ubavuni ilikuja na Deluxe, toleo lenye mapambo zaidi. Chomoa mmoja utazame tundu: la kiwandani lina rangi hadi ndani ya kingo, la mtaani lina chuma kitupu na kutu. Vipuri vya VW vyenyewe mara nyingi vina namba ya kipuri (si ya chesisi) inayoanza na 111 au 113. Keria ya juu na taa za ziada usizihesabu kabisa.

Beji ya mzee? Tundu moja lilitobolewa kwa msumari, na injini ni D. Tumeing'oa tukaiweka kwenye droo ya dashibodi. Mnunuzi akiipenda, ataikuta humo.