Namna ya Kukokotoa Kikomo cha Uzito wa Kunyanyua kwa Mikono

Msimamizi wa ghala niliyemsaidia hivi karibuni alikuwa amebandika ukutani tangazo kwamba mzigo wa kilo 23 ni salama kwa kila mfanyakazi. Namba hiyo ipo kweli, ila imenyofolewa kutoka kwenye mlinganyo wake. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, NIOSH, iliporekebisha mlinganyo wa unyanyuaji mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa kikomo pale tu hali zote zinapokuwa bora. Kila hali inapopungukiwa, kikomo nacho hushuka, kwa kuwa 23 huzidishwa kwa namba isiyozidi 1 kwa kila hali, nayo huitwa kizidisho.

Hatua ya 1: Hakikisha mlinganyo unafaa

Usiutumie kwa unyanyuaji wa mkono mmoja, kwa mtu aliyeketi au aliyepiga magoti, wala kwa kusukuma na kuvuta.

Hatua ya 2: Pima umbali wa mlalo

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Umbali huu huanzia katikati ya vifundo viwili vya miguu na kuishia sakafuni, chini kabisa ya katikati ya viganja vilivyoshika mzigo. Hauanzii kwenye vidole vya miguu wala tumboni, na hauishii kwenye ukingo wa sanduku. Kizidisho chake ni 25 kugawanya kwa umbali huo kwa sentimita, kwa hiyo mzigo ulio umbali wa sentimita 50 huwa umekwishapoteza nusu ya kikomo, na ukipita sentimita 63 kizidisho ni sifuri.

Sababu yake imo mwilini. Misuli inayonyoosha mgongo iko sentimita chache tu nyuma ya diski za uti wa mgongo, ilhali mzigo uko mbali zaidi mbele, hivyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mzigo mara nyingi, na nguvu hiyo ndiyo inayozikandamiza diski za kiunoni. NIOSH ilichukua mkandamizo wa nyutoni 3,400 kuwa mpaka.

Mpime mfanyakazi akiwa ameshika mzigo, kabla haujaachana na sakafu au rafu. Ikiwa godoro la mbao la kupangia mizigo linazuia miguu kusogea, safu ya karibu na safu ya mbali zihesabu kama kazi mbili tofauti. Ikiwa mzigo lazima utuliwe kwa uangalifu, pima pia mahali unapotuliwa, kisha tumia kikomo kilicho kidogo. Mimi hutumia timazi na futi ya chuma, na siamini vipimo vinavyotolewa kwenye picha za simu, kwa kuwa ni nadra kamera kusimama ubavuni sawasawa.

Hatua ya 3: Pata vizidisho vilivyobaki

Kwa kimo cha viganja, anza na 1 na utoe 0.003 kwa kila sentimita iliyo juu au chini ya 75. Kwa umbali ambao mzigo unapanda au kushuka, gawanya 4.5 kwa sentimita zake na uongeze 0.82, umbali ulio chini ya sentimita 25 uhesabu kama 25. Kwa kujipinda kiwiliwili, toa 0.0032 kwa kila digrii. Kasi ya kazi na ubora wa mshiko husomwa kwenye majedwali ya NIOSH.

Hatua ya 4: Zidisha

Tuseme sanduku la kilo 15 linanyanyuliwa bila kujipinda kutoka kimo cha sentimita 30 hadi 90, likiwa umbali wa sentimita 50, mara moja kila dakika kwa siku nzima ya saa 8, kwa mshiko wa wastani: 23 × 0.5 × 0.865 × 0.895 × 0.75 × 0.95 ni takriban kilo 6.3. Gawanya 15 kwa 6.3 upate 2.4, thamani inayozidi 1 ni dalili ya hatari kwa mgongo.

Hatua ya 5: Badilisha kazi, si mtu

Anza na kizidisho kilicho kidogo kuliko vyote. Katika mfano huu, kuusogeza mzigo hadi sentimita 30 kunapandisha kikomo hadi kilo 10.6, na kuuinua mahali unapoanzia hadi sentimita 75 kunakifikisha kilo 14.4. Ninapinga kabisa kununua mikanda ya mgongo badala ya mabadiliko haya, kwa kuwa NIOSH ilipopitia ushahidi mwaka 1994 haikuipendekeza kwa wafanyakazi wenye afya. Mafunzo ya kupinda magoti nayo, yakitolewa peke yake, hayajaonyesha katika mapitio ya tafiti kwamba yanazuia maumivu ya mgongo.